Hodi Isiyobishwa: Mdukizi kama Msomaji katika Fasihi ya Kenya

Utangulizi

Mjadala kuhusu upelelezi wa serikali na faragha ya raia huendeshwa nchini Kenya, kama kwingineko, kwa jazanda moja: mizani. Katika kitanga kimoja huwekwa usalama wa taifa. Katika cha pili huwekwa haki ya mtu binafsi ya kutofuatwa, kutosikilizwa na kutopekuliwa. Jazanda hii huvutia kwa sababu huonekana kuzitendea haki pande zote mbili. Hata hivyo, matokeo yake hujulikana kabla ya upimaji kuanza. Kitanga cha kwanza kina maisha ya watu wengi. Cha pili kina siri ya mtu mmoja. Baada ya shambulio la Ubalozi wa Marekani jijini Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, lililoua watu zaidi ya 200, baada ya Westgate mwaka 2013, ambako watu 67 waliuawa, na hasa baada ya Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, ambako waliuawa watu 148, wengi wao wanafunzi, ni nani atakayesimama kudai kwamba siri zake zina uzito kuliko damu hiyo?

Makala haya yanadai kwamba kasoro haimo katika jibu bali katika jazanda yenyewe. Fasihi iliyotungwa na Wakenya waliofuatwa, wakasikilizwa na kufungwa haiichukulii faragha kuwa mali ya mtu mmoja. Huiona kuwa amana baina ya watu: kinachomwezesha ndugu kusema na ndugu, mwalimu na mwanafunzi, mtunzi na msomaji. Aidha, fasihi hiyo humchora mpelelezi kama msomaji, tena msomaji wa aina mahususi, anayesoma ili apate hatia. Hoja hii itafuatiliwa katika kazi tatu: riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Matigari, diwani ya Abdilatif Abdalla, Sauti ya Dhiki, na tamthilia ya Kithaka wa Mberia, Kifo Kisimani. Kisha itapimwa kwa sheria iliyopo na kwa desturi ya hodi.

Matigari: kusoma kwa shaka

Kisa cha kuchapishwa kwa Matigari kinafahamika sana, lakini mara nyingi husimuliwa kama kichekesho tu. Riwaya hiyo ilitolewa kwa Kikuyu mwaka 1986, mwandishi akiwa uhamishoni. Katika maelezo yake mwanzoni mwa tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1989, Ngũgĩ anaeleza kwamba kufikia Januari 1987 taarifa za kijasusi zilikuwa zikisema kuwa wakulima wa Kenya ya Kati wananong'ona habari za mtu aitwaye Matigari, anayezunguka nchi nzima akidai ukweli na haki. Amri ikatolewa akamatwe. Ndipo polisi walipogundua kwamba mtu huyo ni mhusika wa kitabuni. Februari 1987 nakala za kitabu zikachukuliwa kutoka madukani.

Kinachostahili kuzingatiwa na mhakiki ni aina ya kosa lililotendeka. Mdukizi alisikia maneno yote; masikio yake hayakuwa na kasoro. Alichokosa ni muktadha. Hakujua kwamba waliokuwa wakinong'ona walikuwa wakisimuliana hadithi, ingawa mwandishi mwenyewe, mwanzoni mwa kitabu, anamwambia msomaji na msikilizaji kwamba hadithi hii ni ya kubuni, haina nchi wala wakati maalumu. Yeyote aliyekuwa ndani ya mazungumzo alilijua jambo hilo. Aliyesikiliza kutoka nje ya ukuta hakulijua, wala hakuweza kuuliza, kwa maana kuuliza kungemfichua.

Huu ndio upungufu wa kimsingi wa usomaji wa mdukizi. Msomaji wa kawaida hukubali kwamba matini yaweza kumpinga na kumsahihisha. Mdukizi hana nafasi hiyo, kwa sababu hawezi kuzungumza na anayemsikiliza. Kila anachokipata hukijaza kwa kile alichokuwa nacho tangu mwanzo, yaani shaka. Na hata kosa lilipobainika, halikuwaondolea wasomaji shaka hiyo. Lilihamishiwa kwenye kitabu. Mtu alipokosekana, karatasi zilikamatwa badala yake.

Ndani ya riwaya yenyewe, Ngũgĩ anaonyesha taathira ya usikilizaji huo kwa jamii. Matigari anapotafuta ni wapi mtu aweza kupata ukweli na haki, anamwendea mwanafunzi, kisha mwalimu. Wote wawili wana la kusema, lakini woga umewafunga vinywa. Dola halikuhitaji kuwafunga. Lilihitaji tu waamini kwamba huenda wanasikilizwa. Kinachopotea hapa si siri ya mwanafunzi wala ya mwalimu. Kinachopotea ni elimu yenyewe, ambayo haiwezi kupita kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine pasipo imani.

Sauti ya Dhiki: fumbo kama sitara

Abdilatif Abdalla alifungwa kwa sababu ya waraka. Kenya: Twendapi?, uliotolewa mwaka 1968, uliihoji serikali ya Kenyatta kwa lugha wazi na ulisambazwa kwa siri. Mwandishi wake alitumikia kifungo cha miaka mitatu, 1969 hadi 1972, na humo gerezani akatunga mashairi juu ya karatasi za chooni. Mashairi hayo yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki.

Uhusiano wa maandishi haya mawili na jicho la dola una kinaya kikubwa. Waraka ulisema wazi, hivyo ulilazimika kusambazwa kwa kificho. Mashairi yalisema kwa kificho, hivyo yakaweza kusambazwa wazi. Na mwaka 1974 yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo iliyobeba jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Mamba anayejivunia nguvu zake mtoni, au jipu linalosubiri kutumbuka, ni sura ambazo kila msomaji wa Kimvita aliweza kuzifasiri. Hata hivyo hakuna askari ambaye angeweza kuzipeleka mahakamani na kuthibitisha kwamba mamba ni fulani.

Fumbo halikuanzia gerezani. Mombasa ya Muyaka bin Haji, mwanzoni mwa karne ya 19, ilikuwa na majibizano ya kisiasa yaliyoegemea fumbo. Wahakiki wamezoea kulieleza kama pambo la kisanaa au kama mbinu ya kukwepa adhabu. Maelezo yote mawili yana ukweli lakini hayatoshi. Fumbo ni namna ya faragha inayotekelezwa hadharani. Huchora mpaka kati ya wanaojua na wasiojua bila kujenga ukuta, na anayetaka kuuvuka mpaka huo ni lazima kwanza ajifunze lugha, historia na machungu ya wanaozungumza. Kwa maneno mengine, fumbo humlazimisha msikilizaji kuwa mmoja wa jamii kabla ya kupewa maana.

Hapa, hata hivyo, uhakiki unapaswa kujihadhari na kulitukuza jambo lililofichwa kwa vile tu limefichwa. Waliopanga kuua wanafunzi Garissa nao walizungumza kwa siri. Sitara inayomhifadhi mshairi yaweza kumhifadhi muuaji, na hakuna nadharia ya fasihi inayoweza kulifuta tatizo hili. Lakini Garissa inaleta pia funzo la pili. Siku chache kabla ya shambulio, tahadhari zilikuwa zimetolewa hadharani kwamba vyuo vikuu vingeweza kulengwa. Lawama iliyofuata ilihusu zaidi onyo ambalo halikufanyiwa kazi na msaada uliochelewa kufika. Dola laweza kusikia mengi na lisielewe, na laweza kuelewa na lisitende. Kuongeza masikio si dawa ya maradhi haya.

Kifo Kisimani: adui nguoni

Kifo Kisimani (2001) inasogeza hoja hatua moja mbele. Katika nchi ya Butangi, Mtemi Bokono anatawala kwa mabavu na hata maji ya kisima si haki ya wote. Mwelusi, anayewaongoza wanaodai mabadiliko, anateswa gerezani lakini havunjiki. Anayemwangamiza si askari bali Gege, ndugu yake wa tumbo moja, aliyenaswa kwa ahadi ya kumwoa binti wa mtemi. Methali ya kikulacho ki nguoni mwako yaweza kusomwa kuwa muhtasari wa tamthilia nzima.

Gege ana ukoo mrefu katika historia ya Kenya. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, serikali ya kikoloni iliwatumia gakunia, watu waliovikwa magunia usoni, kuwatambulisha wafuasi wa Mau Mau. Kutikisa kichwa kulitosha kumpeleka mtu kizuizini. Gunia lilimficha mtambuaji ili majirani wasijue ni nani miongoni mwao amewauza. Kwa njia hiyo kila jirani akawa mshukiwa wa kila jirani. Siri ya dola ilijengwa kwa kuvunja amana za raia.

Lakini kuna jambo katika kisa cha Gege ambalo halikupata umuhimu wake kamili mwaka 2001. Gege alilazimika kushawishiwa. Mtemi alihitaji kumtafuta, kumwahidi, kumngoja aamue. Maana yake ni kwamba palikuwepo nafasi, hata kama ni finyu, ya Gege kukataa. Upelelezi wa zamani, kwa ukatili wake wote, ulipitia katika dhamiri za watu. Leo kilichoko nguoni ni simu. Simu haihitaji kuahidiwa ndoa. Hueleza mwenyewe yuko wapi, amezungumza na nani na kwa muda gani, wala haiwezi kusita usiku na kujuta. Breki ya dhamiri, ambayo watunzi wa tamthilia wameitegemea kuwa kiini cha mgogoro, imeondolewa. Kwa hiyo breki ya sheria, ambayo zamani ilikuwa ya pili, sasa imebaki peke yake.

Hodi na sheria

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitambua faragha katika Kifungu cha 31. Inakataza mtu, nyumba au mali yake kupekuliwa, vitu vyake kutwaliwa, habari za familia au mambo yake ya binafsi kudaiwa au kufichuliwa pasipo lazima, na mawasiliano yake kuingiliwa. Kifungu cha 24 kinaruhusu haki kama hii iwekewe mipaka, mradi iwe kwa sheria na kwa kiasi kinachokubalika katika jamii huru ya kidemokrasia. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Ujasusi ya mwaka 2012 iliweka utaratibu wa kuomba hati ya Mahakama Kuu. Marekebisho ya sheria za usalama ya Desemba 2014, yaliyotungwa katika kipindi cha mashambulio ya kigaidi, yalipanua uwezo wa vyombo vya usalama wa kunasa mawasiliano. Februari 2015 Mahakama Kuu ilifuta vifungu vinane vya marekebisho hayo, lakini ikaviacha vifungu vya kunasa mawasiliano visimame. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inatoa msamaha pale usalama wa taifa unapohusika.

Lugha ya hukumu na sheria hizi ni lugha ya mizani. Utamaduni wa Waswahili una jazanda nyingine iliyo kongwe na yenye masharti makali zaidi. Mgeni hubisha hodi. Hubisha mara tatu, na asipoitikiwa hurudi alikotoka. Desturi hii ina mizizi katika mafundisho ya Kiislamu: Sura ya Nur inaagiza kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba za wengine, na kurudi mtu anapoambiwa arudi, Sura ya Hujurat inakataza kupelelezana. Hodi haipimi nani ana uzito zaidi, mgeni au mwenyeji. Huuliza maswali matatu: nani anayebisha, nani mwenye mamlaka ya kuitikia, na je, jibu laweza kuwa "rudi"?

Yaweza kupingwa kwamba hakuna anayembishia hodi muuaji. Ni kweli, na ndiyo maana hodi ya dola haibishwi kwa mshukiwa bali kwa hakimu, aitikiaye kwa niaba ya wenye nyumba wote. Yaweza kupingwa pia kwamba nyumba inayoungua haingojei karibu. Hilo nalo ni kweli. Lakini jirani aliyevunja mlango ili kuokoa watoto hubaki uani moto ukiisha. Husimama mbele ya wenzake akaeleza alichokiona, alichokivunja na kwa nini. Mwizi aliyeingia kwa kisingizio cha moshi hufanya kinyume chake.

Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha kwamba kazi tatu za vipindi tofauti zinakubaliana juu ya jambo ambalo mjadala wa mizani hulisahau. Katika Matigari, Sauti ya Dhiki na Kifo Kisimani, anayeumizwa na usikilizaji wa siri si yule tu aliyesikilizwa. Anaumia mwanafunzi aliyenyamaza, msomaji aliyenyang'anywa kitabu, na kijiji ambacho ndugu hamwamini tena ndugu. Faragha basi si kitu kinachotolewa kafara ili jamii iwe salama. Ni sehemu ya usalama huo. Jamii isiyoaminiana haitoi hata habari ambazo mpelelezi mwaminifu anazihitaji, kwa kuwa anayeona hatari ataogopa kuisema.

Haitoshi, kwa hiyo, kuuliza kama hati ya mahakama ipo. Swali linalotokana na kazi hizi ni gumu zaidi: ni mara ngapi hakimu amejibu "rudi", na ni nani anayelijua hilo? Hodi ambayo haijawahi kukataliwa ni tangazo tu la mtu ambaye tayari amekwisha kuingia.