Fundi wa Jahazi: Ruge Mutahaba na Udhaifu wa Tanzia Zetu

Tarehe 26 Februari 2019 alifariki dunia nchini Afrika ya Kusini, alikokuwa akitibiwa, Ruge Mutahaba, Mkurugenzi wa Vipindi na Uzalishaji wa kampuni ya utangazaji ya Clouds Media Group ya Dar es Salaam. Alizaliwa mwaka 1970, na kwa hiyo hakufikia umri ambao kwa kawaida watu huita uzee. Msiba wake ulikuwa mkubwa. Rais wa wakati huo, John Magufuli, alitoa rambirambi; umati ulikwenda Karimjee kumuaga; kisha maiti ikasafirishwa hadi Bukoba, mkoani Kagera, ikazikwa huko mwanzoni mwa mwezi Machi. Ni nadra msimamizi wa redio, mtu ambaye kazi yake ni kukaa nyuma ya kipaza sauti wala si mbele yake, kuzikwa kwa heshima ya namna hiyo.

Siku chache baada ya maziko hayo, tarehe 7 Machi 2019, alifariki mjini Mwanza Ephraim Kibonde, mtangazaji wa kipindi cha Jahazi cha redio hiyo hiyo. Kibonde alikuwa amekwenda Bukoba kuongoza shughuli za maziko ya mkurugenzi wake, akaugua, na hakurudi tena nyumbani akiwa hai. Hivyo katika muda wa siku kumi hivi msikilizaji alipata tanzia mbili kutoka nyumba moja: ya mtu aliyesikika kila jioni, na ya mtu aliyeamua ni nani asikike. Tanzia hizo mbili zikiwekwa pamoja, hudhihirisha jambo ambalo moja peke yake lisingalilidhihirisha.

Waliomlilia Kibonde hawakupata taabu ya maneno. Walikumbuka sauti yake, mizaha yake, na namna alivyowasindikiza wafanyakazi waliokwama katika foleni za magari wakirejea majumbani mwao. Sifa zao zilikuwa na mwili. Lakini wengi katika waliomlilia Ruge walishika maneno ambayo lugha ya Kiswahili huyaweka tayari kwa kila mkubwa anayefariki: nguzo imeanguka, pengo halitazibika, taifa limepoteza jembe. Si kwamba huzuni yao ilikuwa ya uongo. Hapana shaka walihuzunika kwa dhati. Ila maneno hayo yana kasoro moja: jina la marehemu likiondolewa, na jina la waziri, askofu au mfanyabiashara likatiwa mahali pake, tanzia husimama vile vile bila kutikisika. Sifa inayomfaa kila mtu haimfai mtu yeyote.

Asili ya udhaifu huo ni kwamba kazi ya mkurugenzi wa vipindi haionekani kwa urahisi. Abiria wa jahazi humjua nahodha, kwa kuwa humwona ameshika usukani na husikia amri zake. Fundi aliyeliunda, aliyechagua mbao na kupima urefu wa mlingoti, hamjui. Jahazi likifika salama, nahodha hushukuriwa. Lakini ni fundi aliyekata shauri tangu mwanzo kwamba chombo hiki kitachukua watu wangapi, kitakwenda bahari gani, na nani atakaa sitahani na nani atakaa ngamani. Ruge Mutahaba alikuwa fundi wa namna hii, naye hana budi kupimwa kwa chombo alichokiunda.

Ili kukipima chombo hicho sharti ikumbukwe bahari ilivyokuwa. Kwa miaka mingi Tanzania Bara ilikuwa na sauti moja tu ya redio, nayo ni Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyokuwa chini ya Serikali tangu mwaka 1965. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua mlango kwa watu binafsi, na mwaka 1994 Radio One ikaanza kusikika. Clouds FM, ambayo asili yake ni shughuli za disko za Joseph Kusaga, ilifuata mwishoni mwa miaka ya 1990. Katika miaka hiyo vijana wa mjini walikuwa wameanza kuimba na kughani kwa Kiswahili katika mapigo yaliyotoka Marekani, na muziki wao ukaja kuitwa Bongo Fleva. Wazee wengi waliudharau, wakiuita wa kihuni. Redio mpya zilikuwa zikitafuta wasikilizaji, na muziki mpya ulikuwa ukitafuta redio. Walikutana kama kiu na maji.

Jambo la kwanza la kumpima Ruge ni hili: hakutosheka na kungoja vijana walete nyimbo zilizokwisha kurekodiwa. Katikati ya miaka ya 2000 alianzisha Tanzania House of Talent, iliyojulikana zaidi kwa herufi zake THT, mahali ambapo vijana walifundishwa kuimba, kucheza na kusimama jukwaani. Kutoka humo walitokea waimbaji kama Barnaba, Linah na Mwasiti. Kadhalika tamasha la Fiesta liliwatoa wasanii Dar es Salaam likawapeleka mikoani, kwa wasikilizaji waliokuwa wakiwajua kwa sauti tu. Msimamizi wa kawaida huuza muda wa hewani. Huyu alijenga chuo, akajenga na jukwaa, ili muda huo upate wa kuujaza. Tanzia zilizotaja mambo hayo kwa majina zilikuwa bora kuliko zilizosema tu kwamba alikuwa mlezi wa vijana, maana msomaji angeweza kwenda kumwuliza kijana mwenyewe.

Jambo la pili ni lugha, nalo ndilo lililosahauliwa zaidi, ingawa kwa wasomi wa Kiswahili lingepasa kutangulia. Yatazamwe maisha ya neno moja, fursa. Neno hili lenye asili ya Kiarabu si geni katika Kiswahili. Wazee walilitumia kwa maana ya nafasi au wasaa, na mtu aliyekosa fursa ya kumtembelea jirani alikuwa amekosa muda tu. Ruge na wenzake walipoanzisha kampeni waliyoiita Fursa, wakazunguka mikoani kuzungumza na vijana juu ya kazi na biashara, walilibebesha neno hilo mzigo mwingine. Fursa ikawa kitu kilichoko nje, kinachoonwa na mwenye macho, kinachokimbiliwa na mwepesi. Hawakulizua peke yao, lakini redio ina nguvu ya kurudia, na kurudia ndiko kunakozoeza masikio. Leo kijana husema kwamba ameiona fursa, kama mvuvi asemavyo ameliona kundi la samaki.

Badiliko hili lina faida na hasara, na mhakiki hana ruhusa ya kutaja moja akaacha ya pili. Faida yake ni kwamba lilimpa kijana asiye na ajira neno la matumaini katika lugha yake mwenyewe, badala ya kumwachia msamiati wa vitabu vya uchumi ambavyo hangevisoma. Hasara yake ni kwamba neno hilo humtwika kijana lawama yote. Ikiwa fursa zimejaa kila mahali, basi maskini ni mtu asiyetazama. Wala hakuna haja ya kuuliza kuhusu mikopo, barabara au shule. Tanzia iliyomsifu Ruge kuwa mtu wa fursa bila kuuliza neno hilo lilifanya kazi gani, ilimsifu kwa jina la bidhaa yake tu.

Katika lugha ya vipindi vyenyewe mlikuwa na mchanganyiko. Jahazi ni jina zuri kwa kipindi cha jioni, kwa kuwa lina picha ya watu wengi wanaosafiri pamoja kurudi nyumbani. Leo Tena ni Kiswahili chepesi cha barazani. Lakini asubuhi ilianza kwa Power Breakfast, na redio iliyojiita ya watu ilibeba jina la kigeni mlangoni. Wenye kulinda usafi wa lugha walilaumu, wakasema kwamba Kiswahili cha redio hizi ni cha mitaani. Lawama hiyo ina ukweli, lakini haikutosha. Radio Tanzania ilizungumza na raia kwa Kiswahili sanifu, na mara nyingi raia alisikiliza tu. Redio mpya zilizungumza kwa Kiswahili ambacho raia aliweza kukijibu papo hapo kwa simu. Kipimo cha haki si kuuliza kama lugha hiyo ilikuwa safi, bali kama ililipa deni lake, yaani kama ilirudisha katika Kiswahili maneno mengi kuliko ilivyoyapoteza. Utafiti wa namna hiyo wahitaji kanda na maandishi ya vipindi, wala hauwezi kufanywa kwa kumbukumbu ya masikio.

Jambo la tatu ni zito zaidi. Mwenye kufungua mlango ndiye pia mwenye ufunguo. Kwa miaka kadhaa baadhi ya wasanii, akiwamo Joseph Mbilinyi, aliyechaguliwa kuwa Mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010, walilalamika hadharani kwamba nguvu ya Clouds juu ya muziki imekuwa kubwa mno, na kwamba asiyeelewana na wakubwa wake hupata shida kusikika. Si kazi ya makala hii kuamua ni nani aliyesema kweli katika magomvi hayo. Inatosha kuonyesha kwamba yalikuwapo, yalijulikana na kila msikilizaji, na yalihusu kiini cha kazi ya marehemu. Walakini katika tanzia nyingi hayakuguswa hata kwa kidole. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kuamua wimbo gani usikike nchini aliombolezwa kana kwamba hakuwa na uwezo wowote isipokuwa ukarimu.

Ukimya huo, ambao ulikusudiwa kuwa heshima, ulimpunguzia marehemu sifa mojawapo kubwa. Usiku wa tarehe 17 Machi 2017 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo aliingia katika kituo cha Clouds akiwa pamoja na askari wenye silaha, kwa ajili ya habari aliyotaka itangazwe. Waziri wa Habari, Nape Nnauye, aliunda kamati ya kuchunguza jambo hilo, naye akaondolewa katika uwaziri tarehe 23 ya mwezi huo huo. Katika siku hizo za hofu Ruge alijitokeza akaeleza yaliyotokea. Hapo ufunguo ulionekana kwa upande wake wa pili: mwenye mlango aweza kukataa kuufungua kwa mwenye bunduki. Mwandishi wa tanzia anayeogopa kusema kwamba Ruge alikuwa na mamlaka hawezi kueleza kwa nini usiku ule ulikuwa na maana, kwa sababu asiye na mamlaka hana cha kulinda.

Itajibiwa kwamba marehemu hasemwi. Desturi hii ni njema, nayo ina hekima yake: wafiwa wana uchungu, kaburi bado bichi, na aliyelala hawezi kujitetea. Lakini desturi hiyo ni ya matanga, na matanga yana siku ya kuanuliwa. Baada ya siku hiyo huja wakati wa kumkumbuka mtu kwa ukamilifu wake, na hapo kunyamaza si adabu tena, bali ni namna ya kumsahau. Mtu anayesifiwa kwa maneno ya jumla husahauliwa upesi, kwa kuwa maneno hayo hayana mahali pa kushikia. Anayepimwa hudumu, maana kila mpimaji mpya hulazimika kuurudia mzani.

Basi tanzia inayomstahili msimamizi wa utangazaji yapasa iulize maswali machache yaliyo wazi: alifungua nini kilichokuwa kimefungwa, ni nani aliyepata sauti kwa sababu yake, na ni nani aliyedai kuikosa, ni maneno gani aliyoyaacha vinywani mwa watu, na siku mamlaka yake yalipojaribiwa, alifanya nini. Kwa Ruge Mutahaba maswali yote manne yana majibu, na majibu hayo ni makubwa kuliko nguzo na pengo na jembe.

Lakini majibu hayo hayatakaa milele. Kitabu hungoja kabatini, ila sauti ya redio hupita kama upepo katika tanga, na isipohifadhiwa hubaki hadithi tu. Karatasi za ratiba, kanda za vipindi, orodha za nyimbo zilizopigwa kila juma, na masimulizi ya wale waliokaa naye kwenye meza ya kupanga vipindi, vyote hivyo ni urithi wa lugha kama zilivyo hati za kale za tenzi zilizokusanywa pwani. Waliomjua wangali hai, na wengi wao wangali kazini. Kukusanya hayo mapema kungekuwa tanzia bora kuliko zote zilizosomwa Karimjee.