Hongereni, Mafundi wa Kariakoo

Hongereni mafundi kompyuta wa Kariakoo, hasa nyinyi mliojifunza Linux wenyewe, usiku, kwa bando la kuungaunga. Mmoja wenu, Mtaa wa Aggrey, aliniokolea picha za harusi ya dada kwenye flashi iliyogoma kufunguka. Alitumia PhotoRec, programu ya bure isiyojali majina ya mafaili: inapekua data ghafi mpaka itambue alama za mwanzo wa picha.

Nani alikufundisha, fundi?

“Niliandika apropos na neno ‘recover’, bro. Ikanitajia.”

Amri hiyo hupekua maelezo mafupi ya miongozo, ambayo (ole wetu!) ni ya Kiingereza. Lakini kutafsiri kunawezekana: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi, Jambo OpenOffice, kwa Kiswahili. Miongozo ya amri nayo inasubiri mfasiri. Fundi, anza na apropos.