Fouga Ikiwa Kimya

Fouga Magister ni ndege nzuri, tusidanganyane. Mwili mwembamba, mabawa marefu, na mkia wake haukusimama kama wa ndege nyingine, umepanuka kama herufi V. Ipo moja kwenye Makumbusho ya Jeshi ya Brussels, ndani ya ukumbi mkubwa wa chuma na vioo, imebanwa katikati ya ndege kibao. Mimi nimeiona kwa picha na video tu, alizonitumia binamu yangu aliyepata makazi huko. Nikawaonyesha vijana wa kituo chetu, tukaibishania wiki nzima.

Kama kitu cha kutazama, haina shida. Iliruka mara ya kwanza Ufaransa mwaka 1952, kati ya jeti za mwanzo kabisa kubuniwa kwa ajili ya kufundishia marubani. Viti viwili, kimoja nyuma ya kingine: mwanafunzi mbele, mwalimu nyuma. Mwalimu haoni mbele vizuri, kwa hiyo aliwekewa periskopu ili achungulie juu ya kichwa cha mwanafunzi. Na hakuna kiti cha kumrusha mtu nje mambo yakiharibika. Hapo mimi, mtu wa kushinda na vijana, nilikaa sana: mwalimu anapanda na mwanafunzi wake, wakianguka wanaanguka wote. Ubelgiji waliitumia mpaka 2007, na kikosi chao cha michezo ya angani, Red Devils, kiliirusha kwenye sherehe miaka mingi. Ukiitazama pale unaona shule, unaona sherehe.

Sasa sisi Wakongomani tuna Fouga nyingine kichwani. Si hiyo ya Brussels, ni dada yake. Februari 1961, Katanga ya Tshombe, iliyokuwa imejitenga, ilipokea tatu. Kufika Septemba ilibaki moja tu ya kuruka. Moja! Lakini Umoja wa Mataifa haukuwa na ndege ya kivita hata moja Kongo wakati ule, basi hiyo ya shule, na rubani wake wa kukodiwa, ikatawala anga. Iliharibu ndege za usafirishaji za UM zikiwa chini. Iliwapiga mabomu askari wa Ireland waliozingirwa Jadotville, Likasi ya leo, mpaka walipoishiwa wakasalimu amri tarehe 17. Usiku wa kuamkia tarehe 18, Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld akafa ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola. Fouga ya Katanga imekuwa ikitajwa kwenye shuku hizo tangu siku hizo, bila kuthibitishwa. Ninyi ndugu wa mashirika mnaotua huku na ndege nyeupe, historia hii ni yenu pia.

Ninacholaumu mimi ni ukimya. Fouga ilijulikana kwa mluzi wake, hata Wafini waliipa jina la filimbi, Kukkopilli. Makumbusho hupaka rangi, hufuta vumbi, halafu sauti inabaki nje. Vijana wangu wengi wametoka Kivu; ndege wanaijua kwa masikio kabla ya macho. Walipoitazama ile video, mmoja akauliza, "Kwani hii imekufa?"

Tena picha zote zimepigwa ubavuni, maana ubavuni ndiko kuna urembo. Hakuna aliyesimama mbele. Ndege hizi zilibuniwa na nafasi ya bunduki mbili puani na za kuning'iniza mabomu chini ya mabawa. Ningekuwa na mamlaka ningeigeuza, mgeni akiingia akutane na pua kwanza, mkia baadaye.

Msichana mmoja wa kundi letu alinipinga. Yeye anataka kiti cha nyuma kifunguliwe, watu wapande kwa zamu, wachungulie kwenye periskopu waone mwalimu alikuwa anaona nini. Nimemwandikia binamu aulize kama wanaruhusu kupanda.