Mfugaji ndani ya rap: tusikilize tena "Maasai Hip Hop"

Wandugu, mwaka 2019 Billboard ilipotoa "Old Town Road" ya Lil Nas X kwenye orodha ya nyimbo za country, watu walibishana sana: rap inaweza kuvaa kofia ya mchunga ng'ombe? Arusha, Tanzania, vijana walishajibu miaka 15 mbele. Mwaka 2004 kundi la X Plastaz lilitoa albamu "Maasai Hip Hop" kwa OutHere Records, lebo ya Munich, Ujerumani. Haiko kampuni kubwa, lakini njo mlango uliowafikisha kwa wasikilizaji wa mbali.

Ndani kuko Gsan, Ziggy na Faza Nelly, vijana wa mjini wanaorap kwa Kiswahili. Pembeni yao kuko Merege, Mmasai anayeimba kwa Kimaa, sauti inatoka chini kabisa ya koo. Hawakumweka kama pambo. Akiingia, wimbo wote unabadilisha mwendo na rap inabidi imfuate. Tena maneno yao si ya kusifu kijiji cha kwenye kalenda. "Nini Dhambi kwa Mwenye Dhiki": jina peke yake ni swali ambalo mtu mwenye njaa anaweza kumuuliza padri, polisi, hata mzazi.

Sasa lawama yangu. Jina la albamu linauza shuka la Mmasai, lakini hoja karibu zote ziko kwa vijana wa mjini. Mimi Kiswahili nasikia, Kimaa sijui. Nikimaliza albamu, najua vijana wa Arusha wanalilia nini. Merege najua tu kwamba sauti yake ni nzuri. Mfugaji amepewa jina la juu, mazungumzo yamebaki kwa wengine.

Kwa nini jambo hili linaniuma? Juu mimi ni mtu wa Kilembwe. Kwetu Lulenge wazee wanakumbuka kiangazi ng'ombe zikishuka toka milima ya juu kutafuta majani, wafugaji wanatoa itulo kwa chifu, mvua ikirudi wanapanda tena. Vita ilivunja hayo. Leo mkulima analilia muhogo uliokanyagwa, mfugaji analilia ng'ombe zilizonyang'anywa, na kila mmoja anasimuliwa na mwingine. Nilisoma agronomia: shamba linataka samadi, ng'ombe zinataka mabaki ya mavuno. Shida haiko udongo. Shida ni kwamba tunamsema mfugaji bila kumsikiliza, na yeye anatusema vilevile.

Njo maana albamu hii, pamoja na kasoro yake, inatuhusu. Faza Nelly alifariki 2006. Gsan alifika mpaka BET Hip Hop Awards mwaka 2009, akarap Kiswahili mbele ya Wamarekani. Walionyesha kwamba mtoto wa mjini na mchunga ng'ombe wanaweza kushika wimbo mmoja.

Wasanii wetu wa Fizi na Baraka wapite hapo. Nangoja wimbo wenye ubeti wa Kibembe na ubeti wa Kinyamulenge, urefu sawasawa, na kiitikio cha Kiswahili kinachotueleza wote wawili wamesema nini. Studio ndogo inatosha. Nani ataanza?