Kisu cha Mkono wa Kushoto

Askari polisi wa Marekani anayetumia mkono wa kulia huvaa bastola yake kwenye nyonga ya kulia. Mtu akimrukia na kuishika bastola hiyo, jambo la kwanza alilofundishwa ni kuigandamiza kwa mkono wa kulia ili isitoke kwenye kifuko chake. Tangu hapo mkono huo umekwisha pata kazi. Hauwezi kuchomoa kirungu, hauwezi kushika redio, hauwezi kutafuta dawa ya pilipili. Uliobaki huru ni mkono wa kushoto, na huo ndio unaopaswa kuamua ni kisu gani cha kukunja kikae mfukoni mwa askari.

Nalisema hili mapema kwa sababu mijadala mingi ya visu huanza na chuma, ikapita kwenye umbo la ncha, ikaishia kwenye bei. Kwa mwindaji utaratibu huo una maana. Kwa askari unapindua mambo kichwa chini miguu juu, maana kisu bora kuliko vyote, kikiwa mfuko wa kulia chini ya mkono uliokwisha kubanwa, ni sawa na kutokuwa nacho kabisa.

Hofu ya kuporwa silaha haikuzuka juzi. Katika miaka ya 1970 Jim Lindell, mkufunzi wa polisi wa Kansas City, alitunga mfumo mzima wa kuilinda bastola mikononi mwa wanyang'anyi, kwa kuwa askari walikuwa wakiuawa kwa silaha zao wenyewe. Ripoti za FBI za kila mwaka kuhusu askari waliouawa kazini bado huwahesabu peke yao wale waliopigwa risasi kwa bastola zao. Watengenezaji nao wakaleta vifuko vyenye makomeo ya ngazi mbili na tatu, ambavyo mporaji hawezi kuvifungua kwa mvuto mmoja. Hatua hiyo imeokoa watu. Lakini komeo humchelewesha mporaji tu. Halimwondoi mwilini mwa askari. Kisu kinaingia hapo, katika zile sekunde chache ambazo bastola bado imo kifukoni na aliyeishika hajaachia.

Sekunde ngapi? Mwaka 1983 Dennis Tueller, wa polisi wa Salt Lake City, aliandika makala iliyoonyesha kwamba mtu mwenye kisu anaweza kukimbia futi 21, kama mita 6.4, kwa takriban sekunde moja na nusu. Yeye alizungumzia hatari ya kisu cha mshambuliaji, ila kipimo chake cha muda kinahusu pia kisu cha askari. Katika kung'ang'aniana hakuna hata hizo mita sita. Watu wameshikana tayari. Kisu kinachodai mikono miwili kimeshindwa mtihani kabla hakijatoka mfukoni.

Kwa miaka mingi visu vya kukunja vya Marekani vilikuwa vya namna hiyo hasa. Buck 110, kilichoingia sokoni katika miaka ya 1960, kina mpini wa mbao na shaba, uzito unaopita gramu 200, na hukaa kiunoni katika ala ya ngozi. Ni kisu imara, na wawindaji, mafundi na askari walikipenda kwa haki. Kukifungua lakini ni safari: unabandua kifungo cha ala, unakitoa, unatia ukucha kwenye kijifereji cha bapa, kisha unavuta kwa mkono wa pili.

Mabadiliko makubwa yalitoka Golden, mji wa Colorado. Mwaka 1981 Sal Glesser na kampuni yake ya Spyderco walitoa kisu walichokiita Worker. Kilikuwa na mambo mawili ambayo leo yanaonekana ya kawaida: kibanio cha chuma kinachokining'iniza kisu kwenye ukingo wa mfuko, na tundu la duara katika bapa ambalo kidole gumba hulisukuma hadi bapa likafunguka lote. Tundu limetoboka upande hadi upande, kwa hiyo kushoto na kulia ni mamoja. Mwaka 1984 kampuni hiyohiyo ikatoa kisu kilichobeba jina la mnunuzi wake, Police, chenye bapa la zaidi ya sentimita 10 na mpini wa chuma kisichoshika kutu. Kilikuwa kisu cha heshima. Kwa mtihani tunaoupima hapa, kasoro ya visu vingi vya enzi ile ilikuwa kibanio: kilifungwa kwa skrubu upande mmoja tu, na ulikuwa wa mkono wa kulia.

Komeo la bapa linataka kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu ndilo linalolinda vidole vya mwenye kisu. Katika mieleka kisu hakisukumwi kwa mstari ulionyooka kama jikoni. Hupindishwa, hugonga kitako cha bastola, hugonga vifungo vya mkanda, na mkono unaokishika unakibana kwa nguvu zote. Komeo likiachia hapo, bapa linafungia juu ya vidole vya askari mwenyewe.

Komeo la zamani kuliko mengine tutakayoyataja ni lile la mgongoni, analolijua kila aliyewahi kushika Buck 110: mtaimbo mdogo unaolala juu ya mpini na kuingiza jino lake kwenye pengo la kitako cha bapa. Halipendelei mkono wowote, na hilo ni sifa kubwa. Udhaifu wake ni uchafu. Nyuzi za mfukoni na mchanga vikijaa kwenye pengo, jino haliketi sawasawa, na askari asiyekagua kisu chake hatajua mpaka siku ya siku. Katika miaka ya 1980 fundi visu Michael Walker alilipa uhai mpya komeo la bamba, ambamo ukanda mwembamba wa springi ndani ya mpini huruka na kuziba nyuma ya bapa. Chris Reeve, katika kisu chake cha Sebenza, akaligeuza ubavu mzima wa mpini kuwa komeo. Yote mawili yana nguvu na ufundi wa kusifika, ila kwa kawaida yamepangwa kwa kidole gumba cha mkono wa kulia; mkono wa kushoto hulazimika kuvuta bamba kwa kidole cha shahada ili kukifunga kisu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Benchmade ikaleta komeo la Bill McHenry na Jason Williams, liitwalo Axis: kijiti cha chuma kinachokatiza mpini upande hadi upande, ukikivuta kutoka ubavu wowote bapa linaachia. Kwa mtu wa kushoto, au askari anayejifunza kutumia kushoto, ufundi huu ni neema.

Hata hivyo kulifungua bapa ndiko kunakoshinda kisu zaidi kuliko komeo. Kidole gumba kinachotafuta tundu la duara ni kidole kinachofanya kazi ya ustadi, na ustadi wa vidole ndio wa kwanza kukimbia mtu anapoogopa, anapotokwa jasho, anapovaa glavu, anapolaliwa na mtu mwenye kilo 90. Ernest Emerson, mtengenezaji wa California, ndiye aliyelitatua jambo hili vizuri kuliko wote. Aliweka kijikulabu mgongoni mwa bapa, awali kwa ajili ya kukamata bapa la adui. Ikabainika kwamba kulabu hiyo ina kazi bora zaidi: kisu kikivutwa kutoka mfukoni, inanasa kwenye ukingo wa mfuko na kulifungua bapa lote. Kinapotoka mfukoni kimeshafunguka, na kidole gumba hakikufanya lolote ila kushika. Emerson aliiita Wave.

Kulabu nayo ina masharti yake, na wauzaji huyapitia haraka mno. Inataka kisu kikae ncha ikiwa juu, mgongo wa bapa ukiegemea mshono wa mfuko. Inataka ukingo wa mfuko ulio mgumu, kwani kitambaa kilicholegea huvutika badala ya kunasa. Mkanda wa kazi wa polisi pia hauna nafasi ya bure: vifuko vya magazini, tochi na redio hushuka juu ya mdomo wa mfuko wa kushoto na kuufunika. Askari aliyeketi garini ana tatizo la ziada, maana paja lililokunjwa linaubana mfuko na mkanda wa kiti unapita juu yake. Mvuto usiokamilika huacha bapa limefunguka nusu, likiwa bado karibu na paja lake. Anayenunua kisu cha kulabu leo na kukivaa kesho kazini bila kujifunza amejiongezea hatari.

Nikitakiwa kutaja kisu kimoja cha kukunja kwa kazi hii, nitataja Delica ya Spyderco, toleo la nne, lile lenye kulabu ya Emerson kwa leseni yake. Bapa lake ni la milimita 73 hivi, uzito wake karibu gramu 70, na linatengenezwa Seki, Japani, kwa chuma cha VG-10 kisichohitaji kubembelezwa. Komeo ni la mgongoni. Tundu la duara limebaki, kwa hiyo kulabu ikikosa mfuko, kidole gumba kina njia ya pili. Kibanio kinahamishika kwenda kushoto. Ndugu yake mkubwa, Endura, ana bapa la karibu milimita 96, na wengi watamkimbilia kwa urefu huo. Mimi naupinga uchaguzi huo. Watu walioshikana kifua kwa kifua hawana nafasi ya bapa refu, na mpini mrefu hukwama kwenye vifaa vya mkanda unapotolewa.

Kuhusu hofu kwamba bapa dogo halitoshi, Michael Janich, aliyebuni kisu cha Yojimbo kwa ajili ya Spyderco, amelifanyia kazi swali hilo hadharani. Alifunga nyama ya nguruwe kuzunguka kijiti cha mbao, akaivika kitambaa cha jinzi, akapima visu mbalimbali. Fundisho lake ni kwamba kukata kupitia nguo kunategemea umbo la makali na ukali wenyewe kuliko urefu. Ndiyo maana kisu kisichonolewa kwa miezi sita hakifai, hata kiwe cha bei gani. Makali yenye meno hukata mikanda ya viti vya gari na nguo nene vizuri sana, na kwa askari ambaye mara nyingi zaidi atakitumia kuokoa mtu aliyenaswa kwenye ajali, nusu ya makali kuwa na meno ni maafikiano yanayokubalika.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mpenzi wa visu vya kukunja hatalifurahia. Kwa kazi ya kulinda bastola peke yake, kisu kisichokunjika kinakishinda kinachokunjika. John Benner, askari mstaafu na mwanzilishi wa Tactical Defense Institute ya Ohio, aliliona hilo akabuni kisu kidogo kinachotengenezwa na KA-BAR. Kina bapa la karibu sentimita 6, na mpini uliopinda pembe kiasi kwamba ngumi inakishika kama inavyoshika bastola. Kinakaa katika ala kiunoni, upande wa kushoto. Hakina bawaba ya kulegea wala komeo la kujaa mchanga, na hakina namna ya kubaki kimefunguka nusu. Mkono unashuka, unashika, unavuta, basi. Idara inayoruhusu kisu cha namna hiyo iwape askari wake hicho kwa ajili ya kujilinda, na kile cha kukunja kibaki kwa kamba, mikanda na makasha.

Idara nyingine haziruhusu, na hapo kisu cha kukunja ndicho kinachobaki. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1958 ilizuia biashara kati ya majimbo ya visu vinavyofyatuka kwa kitufe, na marekebisho ya mwaka 2009 yakaweka wazi kwamba visu vinavyosaidiwa na springi baada ya mkono kuanza kulisukuma bapa havimo. Majimbo yana sheria zao juu ya hizo. Zito zaidi ni kwamba kumchoma mtu kisu huhesabiwa kuwa nguvu ya kuua, sawa na risasi, na hupimwa kwa kipimo cha busara ambacho Mahakama Kuu ya Marekani ilikiweka mwaka 1989 katika kesi ya Graham dhidi ya Connor. Askari ataulizwa kwa nini alikuwa na kisu hicho, nani alikiidhinisha, na alifundishwa wapi. Kisu chenye jina la kutisha na bapa lililochorwa fuvu humharibia majibu yake mbele ya baraza la mahakama. Kisu cha kawaida kilichomo kwenye orodha ya idara, chenye kumbukumbu za mafunzo nyuma yake, humsaidia.

Vifaa vya mafunzo vipo tayari: Spyderco hutengeneza Delica ya mazoezi yenye mpini mwekundu na bapa butu, kibanio na uzani vikikaribiana na cha kweli. Askari na akivute kwa mkono wa kushoto akiwa amesimama, akiwa garini, akiwa chini, akiwa na glavu, huku mwenzake akivuta bastola ya plastiki nyongani mwake. Mkuu wa kituo asiye na saa za kuwafundisha askari wake hivyo, tena kwa kurudia kila mwaka, asiwagawie visu kwa jina la kujilinda.