Mchekeshaji Hacheki

Mahakamani hakuchekwi ovyo. Hakimu akiingia, watu husimama. Askari akitaka kimya, kimya hutanda. Na anayepanda kizimbani hupanda na hofu yake. Waliobuni kipindi cha vichekesho cha televisheni, Vioja Mahakamani, enzi za shirika la utangazaji la Sauti ya Kenya kabla halijaitwa KBC mwaka 1989, walijua walichokuwa wakifanya walipochagua mahali hapo. Kesi zenyewe ni za mtaani: wizi mdogo, deni lisilolipwa, majirani waliorushiana maneno. Hata hivyo hakimu huzisikiliza kana kwamba ni kesi za mauaji. Mwendesha mashtaka huuliza kwa Kiswahili kilichonyooka, na mshtakiwa hujibu kwa Kiswahili cha kwao: anazunguka, anaapa, anatoa utetezi ambao yeye mwenyewe anauamini tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Hapo ndipo mbavu zetu huvunjika. Kizimbani hakuna anayetafuta kicheko. Mtu anatafuta kuachiliwa huru.

Huo ndio ufundi ninaousifu. Mchekeshaji hodari hatukonyezi ili tujue kwamba anatania. Anaingia katika shida ya mhusika wake mzima mzima, anaibeba kwa dhati, na kicheko anatuachia sisi.

Mtazame Mzee Ojwang. Benson Wanjau, aliyefariki dunia Julai 2015, alikuwa Mkikuyu. Katika kipindi cha vichekesho cha Vitimbi aliishi kama Ojwang, Mjaluo, kwa lafudhi, mwendo na majivuno ya mzee anayejiheshimu, hata watazamaji wengi walishangaa kusikia jina lake halisi. Kuiga lafudhi ya watu ili kuidhihaki ni rahisi, na kunaumiza. Wanjau alifanya jambo gumu zaidi: alimpa Ojwang heshima yake, akampa na sababu za kila alichokisema. Tulimcheka Ojwang huku tukimpenda, kwa kuwa aliyemuigiza alimpenda kwanza.

Na pembeni yake alikuwapo Mama Kayai, yaani Mary Khavere. Mzee anapotoa amri kama bwana wa nyumba, mama hamkatizi. Anamwacha ajipandishe hadi kileleni, anamtazama, kisha anajibu. Kile kimya kifupi kabla ya jibu ndicho kipimo cha msanii. Ukiwahi, watazamaji hawajaiona bado ngazi aliyopanda mzee. Ukichelewa, wameshaanza kushuka naye. Mama Kayai anajua wakati wake, na uso wake hauvujishi siri.

Sheria hiyo ya mchekeshaji kutocheka inafanya kazi hata pasipo lugha. Mmarekani Buster Keaton, aliyepanda jukwaani na wazazi wake tangu utotoni, aligundua mapema kwamba akicheka yeye, watu hawacheki. Akaufunga uso wake karibu katika filamu zake zote. Katika Steamboat Bill, Jr. ya mwaka 1928, kimbunga kinaung'oa ukuta mzima wa mbele wa nyumba, nao unamwangukia. Ukuta ule ulikuwa wa kweli, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 2. Aliokolewa na dirisha la juu lililokuwa wazi, ambalo lilimpitia kichwani na mabegani likimkosa kwa inchi chache, huku amesimama mahali palipopimwa kabla. Angesogea hatua moja, angepondwa. Mhusika wake hajui lolote kuhusu vipimo hivyo. Yeye ni kijana aliyeduwaa katikati ya dhoruba. Tunacheka kwa sababu mwigizaji anajua kila kitu na mhusika hajui kitu.

Siku hizi vichekesho vifupi vinatufikia simuni vikiwa vimebandikwa milio na vicheko vya kurekodiwa, kama vile mtazamaji hawezi kuaminiwa kujichekea. Chipukizi mwenye kipaji asikubali kufunikwa na kelele hizo. Aketi na mhusika wake hadi ajue anataka nini, anaogopa nini, na anajidanganya wapi. Akikijua hicho, hata kuomba chumvi kwa jirani kutachekesha. Nasi tuache kuiita kazi hii mchezo tu. Mtu anayejinyima kicheko ili wengine wakipate anastahili heshima na malipo ya fundi yeyote aliyeiva katika kazi yake.