Gavana von Götzen na Kitabu cha Vita Vyake

Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Methali hiyo haimwiti mwamba ngoma mwongo. Yasema tu kwamba ngozi huelekea upande wa mwenye kuivuta. Yafaa kuikumbuka mtu asomapo kitabu alichokitoa Graf Gustav Adolf von Götzen mjini Berlin mwaka 1909, chenye habari za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 na 1906. Vita hivyo vilipozuka, mwandishi mwenyewe ndiye aliyekuwa gavana wa Afrika ya Mashariki ya Kidachi. Kwa hiyo kitabu ni historia, na pia ni utetezi wa mtu aliyekuwa na jambo la kujibu.

Von Götzen alizaliwa mwaka 1866 katika nchi ya Silesia, katika ukoo wenye cheo cha Graf, yaani cheo cha kurithi cha mabwana wakubwa wa Kidachi. Kama vijana wengi wa koo hizo, aliingia jeshini. Mwaka 1893 alitoka Pangani na mamia ya wapagazi, akavuka Rwanda, akaonana na Mwami Kigeli Rwabugiri, akafika Ziwa Kivu, akapanda mlima Nyiragongo, kisha akapita Kongo mpaka upande wa bahari ya Atlantiki mwishoni mwa mwaka 1894. Mwaka uliofuata alitoa kitabu cha safari hiyo. Baadaye alitumwa Washington kuwa mwakilishi wa jeshi la nchi yake, na mwaka 1901 akaletwa Dar es Salaam kuwa gavana. Aliondoka mwaka 1906, akafa mwaka 1910, mwaka mmoja tu baada ya kitabu chake cha pili kutoka.

Vitabu hivyo viwili vyapasa kusomwa pamoja, kwani msimamo wa mwandishi si mmoja. Katika kile cha kwanza yeye ni mgeni. Njia haijui, chakula chake chategemea wenyeji, na kila mfalme ampitiaye hana budi kumpima kwa uangalifu. Katika kile cha pili yeye ni mwenye nchi. Haulizi tena, aeleza. Sehemu kubwa ya maelezo ni habari za vikosi: kipi kilitoka wapi, kilipita njia gani, kilipigana na nani. Msomaji aonyeshwa nchi ya kusini kama aionavyo afisa juu ya ramani.

Lakini jambo kubwa katika kitabu hiki ni sababu ya vita. Uzito mkubwa mwandishi ameuweka juu ya waganga na dawa yao ya maji, kana kwamba ushirikina ndio uliowasha moto. Maelezo haya hayafai kutupwa yote, kwa sababu dawa ilikuwapo na nguvu zake zilikuwa kubwa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa tarehe 4 Agosti 1905, ndiye aliyewapa watu wa makabila mbalimbali, wasiokuwa na mfalme mmoja, imani moja ya kuwaunganisha. Kosa la von Götzen ni kuchanganya mambo mawili: lililowawezesha watu kupigana pamoja na lililowafanya watake kupigana. Dawa yaeleza la kwanza. La pili haielezi.

Ushahidi wa la pili ulikuwa shambani. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika Umatumbi, watu walianza vita kwa kung'oa miche ya pamba. Pamba hiyo ililimwa katika mashamba ya pamoja kwa amri ya serikali, kwa malipo madogo mno hata wengine walikataa kuyapokea. Na juu yake palikuwa na kodi. Mtu anayeanza vita kwa kung'oa pamba amekwisha kutaja sababu yake. Gavana aliyeitaka pamba hiyo hakuwa na haja ya kumtafuta mganga ili aelewe, ila kuelewa kungalimtia yeye mwenyewe katika hesabu ya waliosababisha vita.

Udhaifu huohuo waonekana zaidi katika habari ya njaa. Vijiji vilichomwa, akiba za nafaka zikachukuliwa au kuteketezwa, na watu wakazuiwa wasilime. Von Götzen halifichi jambo hili. Alieleza kuwa jambo lisiloepukika katika vita juu ya watu ambao kwake hawakuhesabiwa kuwa wastaarabu. Hapa msomaji wa fasihi apaswa kuangalia lugha. Neno lisemalo kwamba jambo haliepukiki halina mtendaji; hakuna aliyeamua, hakuna aliyeamuru. Kumbe mwamuzi alikuwapo, naye ndiye aliyeshika kalamu. Makisio ya serikali ya Kidachi yalitaja watu 75,000 waliokufa, mwanahistoria G. C. K. Gwassa alikisia kati ya 250,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa.

Huenda mtu akasema kwamba gavana huyu alikuwa mtoto wa ukoo wake na wa zama zake, asingeweza kuona vingine. Udhuru huo hausimami. Aliyemfuata mwaka 1906, Albrecht von Rechenberg, naye alikuwa wa ukoo wenye cheo, mtu wa nchi ileile na zama zilezile; lakini yeye aliitafuta sababu ya vita katika dhiki za watu, akapendelea biashara ya wakulima wenyeji kuliko kazi ya kulazimishwa. Cheo cha ukoo hakikumziba huyu macho, basi hakiwezi kuwa udhuru wa yule.

Kitabu cha 1909 kisomwe, ila kisisomwe peke yake. Utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliochapishwa tena mwaka 1957, waonyesha vita vilivyoonekana kutoka mji wa pwani. Nao pia wavuta upande wake, kwani mtu wa mjini si Mmatumbi wa vilimani. Ushahidi wa wazee uliokusanywa na kuchapishwa na Gwassa na John Iliffe mwaka 1968 umeleta sauti ambazo gavana hakuziuliza. Katika mashahidi hao, von Götzen ndiye mwenye tarehe nyingi na majina mengi ya maafisa, na kwa ajili hiyo wanafunzi humwamini upesi kuliko wengine. Aaminiwe katika safari za vikosi vyake. Katika sababu za vita na katika njaa, maneno yake yapokewe kama yapokewavyo maneno ya mshitakiwa barazani: yasikilizwe mpaka mwisho, yaandikwe, kisha waitwe wale aliowalisha njaa nao waseme.